Saa nane za usiku, mwanamke peke yake barabarani: tangazo la Samsung lililowakasirisha wanawake

Ni saa nane za usiku. Mwanamke kijana anaamka, anavaa viatu vya mbio, anatia visikilizio masikioni na kutoka nyumbani peke yake. Mji mzima umelala. Anakimbia katika barabara tupu, anavuka daraja, anapishana na mwanamume mwenye baiskeli, na mbio zinaendelea. Uso wake ni wa mtu mwenye furaha. Hakuna anayemfuata, hakuna anayempigia miruzi, hakuna anayemwuliza anakwenda wapi saa hizo.

Hiyo ni picha ya tangazo la biashara, au piblisite kama wengi wanavyosema huku Kivu, ambalo kampuni ya Samsung ilirusha Uingereza mwezi wa nne mwaka 2022 ili kuuza saa zake za mkononi na visikilizio vyake. Jina lake lilikuwa "Night Owls", yaani bundi wa usiku. Kampuni ilitaka kusema kwamba kila mtu ana saa zake, na kwamba anayependa kufanya mazoezi wakati wengine wamelala ana haki ya kufanya hivyo.

Katika vijiji vingi vya Kivu, bundi akilia juu ya nyumba watu wanangojea habari mbaya. Kwa wanawake wengi wa Uingereza pia, bundi huyo wa Samsung hakuleta habari njema. Kwa muda wa siku chache tu, tangazo lililotengenezwa ili kusifu uhuru wa mwanamke likawa mfano wa namna matangazo yanavyoweza kumsahau mwanamke huyo huyo.

Esther Newman, mhariri wa gazeti la Women's Running ambalo linasomwa na wanawake wanaokimbia, alisema wazi kwamba tangazo hilo halikuonyesha maisha ya kweli: wanawake hawakimbii mjini saa nane za usiku kwa sababu wanaogopa. Shirika la Reclaim These Streets, linalodai wanawake waweze kutembea barabarani bila woga, lilisema waliotengeneza tangazo hawakusikia kilio kilichokuwa kimeijaza nchi nzima. Na visikilizio vile viliwashangaza wengi zaidi. Mwanamke anayetembea peke yake usiku anahitaji masikio yake yote mawili.

Kilio kilichotangulia tangazo

Ili kuelewa hasira hiyo, inafaa kurudi nyuma kidogo. Tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 2022, miezi mitatu tu kabla ya tangazo, Ashling Murphy, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 23, alikwenda kufanya mazoezi kando ya mfereji wa maji katika mji wa Tullamore, nchini Ireland. Haukuwa usiku. Ilikuwa mchana, baada ya kazi, mahali ambapo watu wa mji wamezoea kutembea. Aliuawa pale na mwanamume asiyemfahamu. Maelfu ya watu walikusanyika na mishumaa katika miji ya Ireland, na neno lililozunguka kila mahali lilikuwa kwamba alikuwa amekwenda kukimbia tu.

Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 3 mwezi wa tatu mwaka 2021, Sarah Everard, mwenye miaka 33, alitoka kwa rafiki yake kusini mwa London majira ya saa tatu za usiku akitembea kwenda nyumbani. Alipita barabara kubwa yenye taa. Aliongea na mpenzi wake kwenye simu. Alifanya mambo yote ambayo wanawake wanashauriwa kufanya. Aliyemkamata alikuwa polisi wa London, akiwa na kitambulisho cha kazi na pingu, akijifanya kwamba anamkamata kwa kuvunja sheria za Covid-19. Polisi huyo alihukumiwa kifungo cha maisha bila tumaini la kutoka.

Ndiyo maana wanawake walipoona tangazo la Samsung hawakuona uhuru. Waliona kampuni iliyochukua kitu ambacho wao wamenyimwa, ikakipamba kwa muziki na taa, kisha ikawauzia pamoja na saa ya mkononi.

Samsung iliomba radhi. Ilieleza kwamba haikuwa na nia ya kupuuza mazungumzo juu ya usalama wa wanawake, na kwamba ujumbe wake ulikuwa kusherehekea uhuru wa kila mtu kufanya mazoezi saa yoyote. Bila shaka nia ilikuwa hiyo. Lakini nia njema haitoshi kumfanya mwanamke wa kwenye picha afanane na mwanamke anayeitazama.

Hesabu ambayo tangazo halionyeshi

Mwezi wa sita mwaka 2021, ofisi ya takwimu ya Uingereza iliuliza raia wanavyojisikia wakitembea peke yao baada ya giza kuingia, katika barabara tulivu karibu na kwao. Mwanamke mmoja kati ya wawili alisema hajisikii salama. Kwa upande wa wanaume, ni mmoja kati ya saba. Barabara ni ile ile na giza ni lile lile, lakini ni kana kwamba watu hao wanaishi katika miji miwili tofauti.

Kati ya miji hiyo miwili kuna kazi ambayo haionekani. Kabla ya kutoka, mwanamke anapiga hesabu: nipite njia gani, nivae nini, nani anajua mahali nilipo, betri ya simu imebaki kiasi gani, nikisikia hatua nyuma yangu nitaingia nyumba gani. Mwanamume anayetoka saa hiyo hiyo anatafuta ufunguo wake na kwenda.

Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo au Bunia hawahitaji kufundishwa hesabu hiyo. Mama anayeuza samaki hadi jioni ili asirudi na mzigo, muuguzi anayemaliza zamu usiku, msichana wa chuo aliyechelewa kwenye kazi ya kikundi, mtumishi wa hoteli anayefunga mlango wa mwisho: wote wanaijua. Umeme ukikatika mtaa mzima unakuwa mweusi, na taa inayobaki ni ya simu. Wanatafuta motari wanayemfahamu kwa jina. Wanaweka unite kidogo kwenye simu kwa ajili ya njia. Wanawangojea wenzao watoke pamoja hata kama kazi yao imekwisha zamani. Na wengi wanaacha: wanaacha kazi inayolipa vizuri kwa sababu inamalizika usiku, wanaacha masomo ya jioni, wanaacha kwaya ya kanisa kwa sababu mazoezi yanachelewa.

Hapo ndipo gharama ilipo. Mambo hayo hayaandikwi katika ripoti ya polisi kwa sababu hakuna kilichotokea. Msichana alibaki nyumbani, basi. Lakini kazi aliyoikosa, masomo aliyoyaacha na franka ambazo mama alizilipa kwa pikipiki mahali ambapo mume wake angetembea kwa miguu ni mali halisi inayotoka mifukoni mwa wanawake kila mwezi.

Kwenye barabara za miji hiyo hiyo kuna mabango makubwa, na yanachekesha ukiyatazama kwa makini. Mwanamke wa kwenye bango anashika simu mpya usiku, ametabasamu, taa za mji mkubwa zinang'aa nyuma yake. Anauza vifurushi vya intaneti vya usiku, au bia, au mafuta ya ngozi. Chini ya bango hilo, kwenye giza, mwanamke wa kweli anaificha simu yake ndani ya kitenge na kuharakisha hatua ili afike kabla ya saa moja.

"Mubaki nyumbani"

Mtu anaweza kuuliza: basi matangazo yafanye nini, yaonyeshe wanawake wakiwa wamejifungia ndani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaonyesha mahali ambapo lawama dhidi ya Samsung inaweza kupotea njia.

Kati ya mwaka 1975 na 1980, mwanamume mmoja aliua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kabla ya kukamatwa. Wakati huo polisi waliwashauri wanawake wasitoke usiku. Tarehe 12 mwezi wa 11 mwaka 1977, wanawake wa Leeds na wa miji mingine walitoka usiku kwa makusudi, wakaandamana wakidai barabara iwe yao pia. Hoja yao ilikuwa rahisi kuelewa: anayeua ni mwanamume, kwa nini anayefungiwa ndani awe mwanamke? Baadhi yao walisema kwamba kama kuna watu wa kukatazwa kutoka usiku, basi wakatazwe wanaume.

Miaka zaidi ya arobaini ikapita, na ushauri haukubadilika sana. Baada ya polisi aliyemuua Sarah Everard kuhukumiwa mwaka 2021, polisi ya London ilipendekeza kwamba mwanamke akisimamishwa na polisi asiyemwamini anaweza kupungia basi mkono ili lisimame. Kiongozi mmoja aliyekuwa akisimamia polisi katika jimbo la North Yorkshire alisema kwamba wanawake wanapaswa kujua zaidi sheria za kukamatwa. Watu walikasirika na mwishoni akajiuzulu. Kwa mara nyingine tena, kazi ya kuzuia uhalifu ilikuwa imewekwa juu ya kichwa cha yule anayeuogopa.

Mashariki mwa Congo pia, usiku unapoleta mauaji na wizi, hatua ya kwanza mara nyingi ni kufunga. Huko Goma, wakuu wamekataza mara kadhaa pikipiki kuzunguka usiku, kwa sababu wahalifu walikuwa wakizitumia. Katazo hilo lina sababu zake. Lakini muuguzi anayetoka kazini saa mbili za usiku, ambaye motari alikuwa ndiye usalama wake, sasa anatembea kwa miguu. Hatua iliyochukuliwa bila kumwuliza inaweza kumlinda mwenye duka na kumwacha yeye wazi zaidi.

Kwa hiyo kosa la tangazo la Samsung halikuwa kumwonyesha mwanamke nje usiku. Mwanamke ana haki ya kuwa nje saa nane za usiku kama mwanamume. Kosa lilikuwa kuonyesha kwamba kinachomzuia ni uvivu au mazoea ya watu wengine, na kwamba akiwa na moyo na saa nzuri ya mkononi, mlango umefunguka. Tangazo lilificha kizuizi chenyewe, na kizuizi kisichoonekana hakuna anayedaiwa kukiondoa.

Tangazo lingine, namna nyingine

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa tatu mwaka 2023, kampuni ya Adidas ilishika jambo hilo hilo kwa mkono mwingine. Katika filamu yake fupi, mwanamke anakimbia akizungukwa na watu na magari ya kumlinda, msafara mzima kama wa mkubwa wa serikali, ili aweze tu kufanya mazoezi. Filamu iliitwa "The Ridiculous Run", yaani mbio za kichekesho. Mtazamaji anacheka, kisha anaelewa kwamba hicho ndicho ambacho kingehitajika ili mwanamke yule ajisikie salama.

Pamoja na filamu hiyo, Adidas ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kati ya wakimbiaji 9,000 katika nchi tisa. Wanawake 92 kati ya 100 walisema wana wasiwasi juu ya usalama wao wanapokwenda kukimbia. Nusu yao, asilimia 51, waliogopa kushambuliwa mwilini, wakati kwa wanaume ni asilimia 28. Kampuni iliwaambia wanaume kwamba nao wana sehemu yao ya kazi.

Adidas nayo inauza viatu, hakuna wa kudanganyika. Tangazo halijengi taa barabarani. Lakini kati ya matangazo hayo mawili kuna tofauti ambayo mtazamaji yeyote anaiona: la kwanza lilimwambia mwanamke "toka tu", la pili liliwauliza walio karibu naye kwa nini hawezi kutoka.

Usiku si mwenye kosa

Kuna jambo lingine ambalo tangazo la usiku, na hata hasira dhidi yake, linaweza kusahaulisha. Ashling Murphy aliuawa mchana. Na kwa wanawake wengi, hatari haiwangojei barabarani.

Agnes Tirop wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake peke yao, mwezi wa tisa mwaka 2021. Alizoea kukimbia barabara za milimani. Mwezi uliofuata alikutwa amekufa nyumbani kwake Iten, akiwa na miaka 25, na mume wake akashitakiwa kwa mauaji. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikimbia marathoni ya michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Jumapili tarehe 1 mwezi wa tisa mwaka huo, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake katika kaunti ya Trans-Nzoia, Kenya. Alifariki siku nne baadaye. Wanawake hao wawili walikuwa wanakimbia kuliko karibu wanawake wote wa dunia, na njia haikuwaua.

Kufuatana na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, UN Women na UNODC, mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao au watu wa jamaa zao. Hiyo ni karibu 140 kila siku. Anayemwambia mwanamke kwamba akibaki nyumbani atakuwa salama hajaangalia hesabu hiyo.

Giza linamsaidia mkosaji kujificha, ndiyo, na taa inasaidia. Lakini mkosaji ni mtu mwenye jina, na mara nyingi anajulikana.

Kinachoweza kufanyika huku

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, sheria haikunyamaza. Kifungu cha 15 cha Katiba kinawapa viongozi wa nchi jukumu la kuhakikisha ukatili wa kingono unamalizwa. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Sheria hiyo haisemi kwamba adhabu inapungua kama mwanamke alikuwa nje usiku, wala haiulizi alikuwa amevaa nini. Anayeuliza hivyo ni jirani, na pengine afisa anayepokea mashitaka, na swali lake ndilo linalowafanya wengi wanyamaze.

Kwa aliyeshambuliwa, saa zina thamani kuliko maneno ya watu. Kufika kwenye kituo cha afya ndani ya saa 72 kunamwezesha kupata dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi na mimba asiyoitaka. Kila mzazi, kila motari na kila kiongozi wa mtaa anapaswa kuijua namba hiyo, 72, kwa sababu wao ndio wanaokutana naye kwanza.

Kuhusu barabara, hakuna siri. Taa mbele ya soko na kwenye kituo cha pikipiki. Motari wenye jile zenye namba ambazo abiria anaweza kuzisoma na kuzituma kwa ndugu yake. Waajiri wanaofunga usiku kuwapangia wafanyakazi wao usafiri, badala ya kuwaacha getini. Na kabla ya kuamua saa ya kufunga njia, kuwauliza wauguzi na mama wa sokoni wao wanapita wapi.

Wenye mabango nao wana deni dogo. Kampuni inayouza vifurushi vya usiku kwa wanawake inajua wanaishi katika mji gani. Kabla ya kubandika picha, inaweza kuwaita wanawake watano wa mtaa ule na kuwauliza kama mwanamke yule wanamtambua. Huko Uingereza, swali hilo lingeikinga Samsung na aibu yote iliyofuata.

Kwa sasa, wanawake wanaendelea na njia waliyo nayo. Mtoto anapotoka usiku, mama yake hamwambii akimbie kwa uhuru. Anamsindikiza mpaka mlangoni, anaangalia barabara pande zote mbili, na kumwambia maneno ambayo kila nyumba ya Kivu inayajua: "Ukifika, unibipe." Kisha anakaa na simu mkononi, halali, mpaka iite mara moja na kukatika.